Anti, nimeanza kujifunza gofu na mpira hata haunyanyuki, niendelee au niache?

Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyegezi hapa Mwanza, ni mhasibu kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Jina langu naomba usilitaje, niite Mama Kulwa inatosha.

Anti shida yangu unaweza kuiona ndogo ila inaninyima usingizi. Bosi wetu mwaka huu kaamua sisi wakuu wa vitengo tujifunze gofu, anasemaga wateja wakubwa wanakutanaga huko, na mwisho wa mwaka kuna mchezo wa hisani Kisumu, kampuni itapeleka timu ya watu wanne na mimi kaniweka humo. Kampuni imelipia vipindi viwili vya kwanza. Kocha anakuja wikiendi kutoka mkoa mwingine, anatufundishia kwenye kiwanja cha wazi tu cha majani, kaweka wavu na vile vizulia vya kupigia. Kuanzia sasa kila mtu anajilipia na kocha anataka tulipe vipindi kumi kwa mkupuo.

Sasa Anti, kipindi cha kwanza nilipiga hewa. Sio mara moja, karibu muda wote, na nikibahatisha kuugusa mpira unatambaa chini hatua chache unasimama. Mwenzangu wa kitengo cha magari, kijana tu, siku hiyo hiyo ya kwanza anapiga mpira unapotelea kwenye miti huko watu wanapiga makofi. Kipindi cha pili kocha akanibadilisha namna ya kushika fimbo, basi hata ule wa kutambaa nikaukosa, mikono ikatoka malengelenge, mgongo ukauma mpaka Jumatatu. Halafu muda wote uliobaki tukawa tunausukuma mpira kwenye kopo, nikajiuliza hivi kweli hela inalipwa mtu asukume mpira kwenye kopo?

Nyumbani nako Baba Kulwa anasema gofu ni mchezo wa mawaziri na wazungu, mama wa watoto watatu anatafuta nini huko, na hiyo hela ya vipindi kumi ni ada ya mtoto. Hajanikataza ila nikitoka Jumamosi asubuhi ananuna. Na mimi mwenyewe nina miaka 39, mwili ninao, tangu netiboli ya shule ya msingi sijacheza kitu chochote.

Naomba uniambie ukweli, mtu kama mimi anajifunza hii kitu au najidanganya? Huko mbele nitegemee nini? Hizo kumi nilipe? Fimbo ninunue, maana yule mwenzangu kashaagiza seti nzima kutoka Dar? Mavazi je, mimi navaaga sketi ndefu na kilemba. Na hiyo Kisumu si nitaenda kuaibika mbele ya wateja? Nisaidie Anti wangu.

Mama Kulwa, Nyegezi

*

Marahaba Mama Kulwa, wangaluka. Pole na malengelenge, pole na mgongo.

Jibu fupi ni endelea. Sasa nikueleze vizuri kwa nini, maana barua yako nimeirudia kuisoma na kila ulichoandika humo, kupiga hewa, mpira kutambaa, kuharibikiwa zaidi baada ya kurekebishwa, ndivyo mafunzo ya gofu yanavyoanza kwa karibu kila mtu mzima. Mimi nimejifunzia Morogoro nikiwa na kazi yangu na familia yangu, na tangu hapo nimewaona wengi wakianza, mameneja, madaktari, wanajeshi wenye nguvu zao, wote wanapitia hapo ulipo wewe. Umri wa miaka 39 kwenye gofu bado ni wa kuanzia, huu mchezo una watu wa miaka 70 wanacheza kila wiki na wanawashinda vijana, hakuna kukimbia, hakuna kugongana, mnatembea.

Ugumu wake uko hapa. Kampira kenyewe kana kipenyo cha milimita 42.67 na uzito hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Kamekaa chini kametulia kanakusubiri. Wewe unanyanyua fimbo ndefu mpaka nyuma ya bega, unaizungusha, na inatakiwa irudi chini pale pale ilipoondokea. Ikirudi juu kwa sentimita moja au mbili tu unagonga kichwa cha mpira unatambaa, ikizidi kidogo hapo ndio umepiga hewa, ikitangulia kugusa ardhi nyuma ya mpira unachimba majani na mpira unabaki. Kwa hiyo kitu unachokinunua kwenye vipindi vya mwanzo ni kimoja, fimbo ishuke mahali pale pale kila ukipiga. Umbali hauko kwenye somo bado. Kocha akikupa hicho kimoja kwenye hivyo vipindi hela yako imefanya kazi hata kama mpira haujavuka ule wavu.

Sasa kwa nini wako unatambaa. Bila kukuona nakuambia, na nina uhakika mkubwa, unajaribu kuunyanyua. Kila anayeanza anafanya hivyo, anaona mpira uko chini anataka kuuchota uende juu, basi wakati fimbo inashuka yeye mwili unapanda, mikono inajikunja, macho yanatangulia kuangalia mpira umeenda wapi kabla haujaenda popote. Iangalie ile fimbo namba 7 waliyokupa (nadhani ni namba 7, ndiyo wengi wanaanzishwa nayo kwa sababu sio ndefu sana wala fupi sana), uso wake umelala nyuma. Ule mlalo ndio unanyanyua mpira. Kazi yako ni kushuka tu, upige mpira kwanza halafu fimbo iguse majani mbele yake. Kwa hiyo kocha akikwambia piga kwenda chini usidhani kakosea.

Kuna zoezi moja nataka ulifanye na Nyegezi unakoishi ni pazuri kwa hilo. Nenda mchangani huko upande wa Luchelele asubuhi, ubaki kwenye mchanga usiingie majini kwa sababu ya kichocho, na usogee mbali na watu na mitumbwi. Chora kwa kidole mstari mnyoofu wa kama hatua mbili. Simama mguu mmoja huku mwingine huku, mstari uwe katikati ya miguu yako. Hauna mpira, una fimbo tu. Piga nusu ya nguvu, nusu ya mzunguko, fimbo iufagie mchanga, halafu usihame, angalia chini. Kama unatumia mkono wa kulia, alama ikianzia kwenye mstari au kushoto kwake, yaani upande unaopigia, umepiga vizuri. Ikianzia kulia kwa mstari umechimba mapema, uzito wako umebaki mguu wa nyuma. Kama hakuna alama kabisa basi ulipanda juu. Sogea hatua ndogo mbele kwenye mstari huo huo rudia, mpaka mstari uishe. Ukimaliza rudi nyuma uziangalie zote kwa pamoja. Siku ya kwanza zitakuwa kila mahali, moja huku nyingine kule, nyingine hazipo, usishtuke. Piga picha, wiki ijayo rudi ufanye tena, zilinganishe. Huo mchanga hautakuonea haya wala hautakupigia makofi ya uongo, na utakufundisha vitu ambavyo kizulia cha kocha kinavificha.

Na hilo la kizulia ni muhimu Mama Kulwa, uliseme kwa kocha. Kwenye kizulia ukitangulia kugusa chini nyuma ya mpira fimbo inateleza mpaka kwenye mpira na mpira unaenda, unajiona umepiga vizuri. Siku ukifika kwenye majani ya kweli pigo hilo hilo fimbo inazama ardhini, mpira unasogea kidogo tu na wewe unajua hujui kitu. Wengi wanakata tamaa siku hiyo. Muombe kila kipindi mpira kadhaa upigie kwenye majani yenyewe kuanzia sasa.

Kuhusu kushika fimbo. Kocha alivyokubadilisha amefanya kazi yake, na kuharibikiwa kulikofuata kulitegemewa, mikono ilishaanza kuzoea njia moja sasa inaambiwa nyingine, inataka muda. Njia ya kujikagua ukiwa nyumbani, mkono wa kushoto uwe juu, fimbo ilale kwenye vidole isilale kwenye kiganja, ukiangalia chini uone vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kushoto, na ile pembe kati ya kidole gumba na cha shahada ielekee bega la kulia. Mkono wa kulia unafuata chini yake. Wengine wanakipandisha kidole cha mwisho cha kulia juu ya mkono wa kushoto, wengine wanavipachika vidole, wengine wanashika kwa vidole vyote kumi, zote zinaruhusiwa, kama mikono yako ni midogo au haina nguvu, hiyo ya vidole kumi sio mbaya kuanzia. Utaona ajabu, utahisi kama huna nguvu. Hapo ndipo watu wanapobana, na kubana ndiko kunatoa malengelenge. Legeza. Nunua glavu moja, ya mkono wa kushoto tu, ndivyo wanavyovaa. Na lengelenge likipasuka pumzika mpaka lipone, usijikaze.

Mgongo uliuma kwa sababu ulipiga mipira mingi kwa mikono na kiuno kilichokaa ofisini wiki nzima. Nguvu ya kupiga inatoka kwenye kugeuka. Ni kama unavyomwaga maji ya beseni uani, humwagi kwa viganja, unageuka mwili mzima na miguu inasaidia. Kabla ya kuanza jinyooshe, geuka geuka taratibu na fimbo ukiwa umeishika kifuani, anza na mapigo madogo, na ukipiga kidogo kaa chini unywe maji. Mwambie kocha kama una tatizo la mgongo au magoti au kama ulijifungua kwa upasuaji, kocha mzuri anauliza hivyo kabla hujashika fimbo. Maumivu yakishuka mguuni au yakikaa siku nyingi acha, nenda hospitali kwanza.

Sasa lile kopo lililokukera. Mdogo wangu, hapo ndipo hela yako ilipofanya kazi kuliko popote. Uwanja wa mashimo 18 wenye paa 72, yaani mchezaji mzuri anategemewa aumalize kwa mikwaju (mapigo) 72, umehesabiwa mikwaju 2 kwenye griini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, kwa kila shimo, jumla 36, nusu ya mchezo mzima ni kusukuma mpira kwenye shimo lenye upana wa milimita 108. Msukumo wa hatua moja unahesabiwa mkwaju mmoja sawasawa na lile pigo la yule kijana lililopotelea kwenye miti. Na kwa taarifa yako mpira ukipotea hivyo uwanjani, unatafutwa dakika 3 tu, zamani zilikuwa 5 zikapunguzwa mwaka 2019, usipoonekana anarudi alipopigia anaongezewa mkwaju wa adhabu. Simsemi vibaya, ana nguvu na atafika mbali akijifunza mwelekeo, ila kwenye griini wewe na yeye mko sawa kabisa, nguvu haina kazi pale, na mtu aliyezoea kukaa na hesabu mpaka shilingi ya mwisho ionekane ana utulivu unaotakiwa. Azima fimbo ya kusukumia, hiyo wanayoiita pata, weka sarafu kwenye zulia la sebuleni, sukuma kutoka hatua moja mpaka mpira upite juu ya sarafu mara nyingi mfululizo, kila jioni kidogo. Kulwa na mwenzie watataka kujaribu, waache wajaribu.

Huko mbele itakuwa hivi. Utaanza kusikia mlio tofauti mpira ukipigwa katikati ya fimbo, mlio mmoja mkavu na mikono haisikii mtikisiko wowote, ukishausikia mara ya kwanza hutausahau. Kipindi kinachofuata utaupoteza tena. Ndivyo inavyokwenda, hailingani wiki kwa wiki, kwa hiyo usijipime kwa siku moja. Utafundishwa mapigo mafupi ya kuusogeza mpira kwenye griini, kutoka kwenye mchanga, halafu fimbo ndefu, na draiva iwe ya mwisho kwa sababu ndiyo ndefu kuliko zote na uso wake haujalala sana, kosa dogo la mwanzo inalifanya kosa kubwa, mpira unakata kulia unapotea. Kocha anayekukimbiza kwenye draiva kipindi cha tatu anakufurahisha tu. Na ujue kipindi cha wikiendi bila mazoezi katikati ya wiki hakikai mwilini, dakika ishirini mara tatu kwa wiki zinakufikisha mbali kuliko saa tatu za Jumamosi.

Hizo kumi usilipe kwa mkupuo. Mwambie kwa heshima, kocha naomba nilipe tatu kwanza. Ndani ya hizo tatu muangalie. Anakupa jambo moja au mawili ya kushika kwa kipindi au anakumwagia kumi? Anakurekodi kwa simu akuonyeshe? Kabla ya kukugusa kiuno au mikono kukurekebisha anaomba ruhusa? Hili la mwisho lisimamie, unaweza kumwambia wazi nionyeshe kwa mfano bila kunigusa, na kocha anayejua kazi hatonuna. Muulize bei hiyo ina mipira na fimbo za kuazima ndani yake au ni tofauti, na mvua ikinyesha kipindi kinahamishwa au ndio kimeliwa, wewe ni mhasibu haya unayajua kuliko mimi, pata maandishi na risiti.

Na hapo hapo kwenye hela, hujaniambia kama umemuuliza bosi. Kampuni ndiyo inapeleka timu, kampuni ndiyo inatafuta wateja, hayo ni mafunzo ya kazi. Andika ombi fupi kampuni ilipie au ichangie nusu, na muandike wote wanne kwa pamoja.

Fimbo usinunue. Sheria inaruhusu mtu awe na fimbo zisizozidi 14, hiyo ni kikomo, hakuna anayekulazimisha kuzibeba zote. Kwa miezi ya mwanzo namba 7, weji moja (fimbo ya mapigo mafupi) na pata zinatosha na zote utaazimwa. Ukija kununua nunua zilizotumika, na muombe kocha azipime na urefu wako kwanza, fimbo za wanaume mara nyingi ni ndefu na ngumu kwa mwanamke, utaharibu mkao wako bila kujua. Yule mwenzako kaagiza seti bila kujua anapigaje bado.

Mavazi, viwanja vingi vinataka shati lenye kola, na jinzi vingi havikubali. Pale Mlango Mmoja shati za kola za mtumba utachagua mwenyewe. Sketi ndefu ningekushauri uiache siku ya mafunzo, kocha haoni magoti na pindo linaweza kukutana na fimbo, vaa suruali pana na blauzi ndefu juu yake, unajisitiri na unageuka vizuri. Kilemba kaa nacho, kifunge kisiteleze. Raba zenye kushika chini. Jua la Mwanza unalijua, anzeni mapema kabla upepo wa ziwani haujachachamaa. Na ngurumo ikisikika, hata ya mbali, weka fimbo chini ondoka uwanjani, usingoje kocha aseme. Uko kwenye uwazi umeshika chuma, na huku kwetu Kanda ya Ziwa radi zinaua watu. Sheria za gofu zenyewe zinamruhusu mchezaji kusimamisha mchezo akiona hatari ya radi, hakuna adhabu.

Haya Kisumu. Muulize bosi leo, huo mchezo unachezwa kwa mtindo gani? Michezo mingi ya hisani na ya makampuni inachezwa kwa timu, wote wanne mnapiga, mnachagua mpira uliokaa vizuri, wote mnapiga tena kutokea hapo. Kama ni huo umepona, mpira wako mbaya hauhesabiwi, na siku hiyo kijana atawapigia mbali na wewe utamalizia kwenye griini, ndio maana nakusukuma kwenye kopo. Kama ni kila mtu na mpira wake kuna hendikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na kiwango chake, mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 unaruhusu mpaka 54 kwa wanaume na wanawake sawa, maana yake anayeanza anaweza kupewa mpaka mikwaju 3 ya ziada kwa kila shimo. Muulize kocha mapema inapatikanaje, inahitaji uwe umewasilisha matokeo ya mashimo kadhaa, haiombwi siku ya safari. Na kabla ya Kisumu mkaseme na kocha mcheze hata mara moja kwenye uwanja kamili, kizulia na wavu peke yake havitoshi.

Wateja hawatakumbuka mikwaju yako. Watakumbuka kama uliongea mwenzio akipiga, kama ulikanyaga njia ya mpira wa mtu kwenye griini, kama uliacha nyayo zako kwenye banka, lile shimo la mchanga, bila kusawazisha, kama mliwachelewesha walio nyuma. Hayo unaweza kuyajua yote kabla hata hujajua kupiga. Ukishapiga mara nyingi kwenye shimo moja na hufiki, okota mpira, sema naokota, tembea na wenzio, hakuna atakayekushangaa. Usisimame mbele ya anayepiga, usizungushe fimbo kabla hujaangalia nyuma yako, na ukisikia mtu anapiga kelele "foo!", onyo kwamba mpira unakuja, usigeuke kutafuta, inama ufunike kichwa. Kedi (mbeba begi la fimbo) utakayepewa msalimie vizuri na umsikilize, hawa ndugu wanaujua uwanja kuliko wenye fimbo za bei, na wachezaji wengi wazuri wa Afrika Mashariki walianzia kubeba mabegi. Na kama mnachezea klabu ya Nyanza pale Kisumu, inajulikana kwa kanuni yake ya zamani, mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba unaruhusiwa kudondosha mwingine mahali salama. Hata sheria za leo zinakupa nafuu bure bila mkwaju wa adhabu kwa mnyama wa hatari, iwe nyoka au nyuki. Kwa hiyo mpira ukienda pabaya upande wa ziwa usiufuate.

Na kuhusu wanawake, Tanzania ina timu ya wanawake ya gofu, Madina Iddi, Angel Eaton na Hawa Wanyeche wameiwakilisha nchi nje huko. Muonyeshe Baba Kulwa picha zao kwenye simu.

Yeye mwenyewe usimchukulie kama adui wa hili. Kwenye ada ana hoja, na ni hoja nzito, kaa naye umwonyeshe kwa karatasi kwamba unalipa tatu na sio kumi, kwamba umeomba kampuni ilipe, kwamba fimbo hununui. Halafu Jumamosi mchukue, mwambie nahitaji mtu wa kunirekodi. Asimame pembeni mkabala na kifua chako, mbali na fimbo, simu usawa wa kiuno, arekodi mapigo machache. Jioni mkae muangalie pamoja polepole, ataanza mwenyewe kukwambia hapa umenyanyuka, hapa ulikunja mkono. Na kocha akiwa na nafasi mwache ajaribu kupiga mpira mmoja.

Ukishajibiwa na kocha kuhusu zile tatu, na bosi kuhusu mtindo wa Kisumu, niandikie tena, tupange muda uliobaki wiki kwa wiki.